Mzee Komba Achagua Mtaa kwa Tumbo

Kwa miaka thelathini na mmoja Adelard Komba alikuwa mkaguzi wa mizani. Serikali ilimtuma Newala, Urambo, Mpanda, Same, kokote ambako kuna mtu anauza kitu kwa kilo, na kote huko alifika na begi moja na kanuni moja: tafuta chakula kwanza, gesti utaipata jirani. Wenzake walichagua gesti kwa feni, au kwa chandarua kisicho na matundu. Yeye alishuka kwenye basi, akasimama, akanusa. Kitanda kibaya kinaisha asubuhi, alikuwa akisema, chakula kibaya unakwenda nacho kazini.

Alistaafu akarudi Kimara, kwenye nyumba ambayo mkewe, Atuganile, aliijenga kwa kuwasimamia mafundi huku yeye akipimiwa dengu huko Kondoa. Wakakaa pamoja miezi kumi na minne mfululizo, muda mrefu kuliko wote katika ndoa yao, kisha Atuganile akafariki. Alikuwa Mnyakyusa, na ndizi zake za maziwa zilimfanya mumewe aamini kwamba amezunguka nchi nzima bure.

Arobaini ilipokwisha, watu wakaondoka na masufuria yao. Mzee Komba akagundua kwamba nyumba ina vyumba vitatu vya kulala na mtu mmoja wa kula. Kimara ni mtaa wa watu waungwana ambao huondoka alfajiri kwenda mjini na kurudi giza limeshaingia. Mchana alibaki yeye na mbwa wa watu. Alijaribu kupika. Mbwa wa jirani alikuja siku ya kwanza, akala, hakurudi tena.

Binti yake, Jesca, akamtaka ahamie kwake Dodoma. Mzee akaenda wiki mbili kuonja. Chakula cha Dodoma kilikuwa kizuri, kimo ndani ya hotpoti, na kila mtu alipakua kwa saa yake. Mkwe wake alikula amesimama, simu mkononi, kama mtu anayengoja kuitwa. Katika milo arobaini na miwili mzee alikula peke yake thelathini na tisa. Alihesabu, huo ni ugonjwa wa kazi, hauna dawa.

Akarudi Dar, akaipangisha nyumba ya Kimara kwa mwalimu mwenye watoto wanne, akampigia Jesca simu.

"Natafuta mtaa."

"Mtaa wa nini tena, Baba?"

"Wa kula."

Jesca akahesabu siku zilizobaki. Kisha akasema, "Mwisho wa mwezi ukiwa hujapata, nakuja kukuchukua mwenyewe. Sitaki kusikia baba yangu anazeekea gesti."

Alichokuwa akitafuta hakumwambia, kwa sababu kikisemwa kwa sauti kinachekesha. Alitaka mtaa wenye benchi la kulia ambalo siku asipotokea, mtu atauliza yuko wapi.

Kwa hiyo akaanza kusafiri ndani ya jiji ambamo alikuwa na nyumba. Utaratibu wake ulikuwa wa kitaalamu. Siku ya kwanza anakula. Siku ya pili anakula palepale, ili sura izoeleke. Siku ya tatu haendi. Siku ya nne anarudi na kusikiliza. Mtaa ukifaulu, atachukua chumba. Kwa upande wa vyumba alikuwa na dalali, Nassibu, kijana wa Temeke ambaye kwa wakati huo ndiye mtu pekee Dar es Salaam aliyekuwa akimpigia simu kila siku.

Alianza Manzese, ambako hakuwahi kushuka, alipapita tu ndani ya mwendokasi. Alipoketi kwenye benchi la supu ya utumbo kwa mara ya kwanza maishani, muuzaji akamtazama kwa uchungu.

"Mzee, umepotea sana."

Mzee Komba alikaribia kutokwa machozi, na pilipili haikuwa imefika bado. Siku ya nne, baada ya kutokwenda, akaambiwa tena, "Umepotea, mzee wangu." Kisha akaketi fundi mmoja wa magurudumu, ambaye alikuwa amekula hapohapo saa mbili zilizopita, na muuzaji akamwambia, kwa uchungu uleule, "Bro, mbona umepotea hivyo?" Mzee akamaliza supu yake. Ilikuwa supu nzuri.

Kinondoni alikula chipsi mayai na mishkaki kwa kijana mwenye spika mbili za singeli, na siku ya nne akaulizwa, "Oda?" Kinondoni walau hawakumdanganya.

Kigamboni alipanda pantoni, akaketi kwa Mwajabu, mkaanga samaki, na huko ndiko mtihani ulipofaulu kwa kishindo. Siku ya nne, kabla hajakaa, Mwajabu akasema, "Jana hukuja, babu. Nikasema tu, leo mguu umemzidi. Haya, mguu unaendeleaje?"

Miguu ya Mzee Komba ilikuwa mizima yote miwili. Akauangalia wa kulia, kisha wa kushoto, akajibu, "Haujambo." Alikula samaki wa mzee mwingine, kwenye nafasi ya mzee mwingine, na kwa heshima akachechemea kidogo wakati wa kuondoka. Kwenye pantoni alisimama upande usio na watu.

Zikabaki siku tisa mwezi uishe. Nassibu akasema, "Mzee, shikamoo. Mie nakuuliza kwa nia njema: unatafuta chumba au unatafuta mke? Maana mke nina dalali mwingine."

"Natafuta chumba karibu na wali."

"Basi njoo Temeke. Temeke wali ndio chumba chenyewe."

Akamwonyesha chumba kilichopakana ukuta na mashine ya kusaga. Mashine ilipowashwa, hata balbu ilitetemeka. Mzee akakikataa, akapanga gesti mtaa wa pili, akanusa, akafika kwa Bi Chausiku.

Bi Chausiku alikuwa mtu wa pwani wa tangu na tangu, mjane wa umri wake au kumpita kidogo, mwenye banda la mabati mbele ya nyumba na chumba chake cha kulala nyuma ya banda, mlango ukitazama uchochoroni. Alipika wali wa nazi, mbaazi, kisamvu, na mchuzi wa papa. Papa alimzidishia chumvi. Mzee aliliona hilo kwa kijiko cha kwanza, na akala hadi cha mwisho.

Siku ya pili Bi Chausiku alimwuliza jina.

"Komba."

"Ndiyo maana." Akaitazama sahani yake iliyong'aa. "Jina na kazi vimekutana."

Benchi likacheka. Suleiman, fundi cherehani wa kibanda cha pembeni, akasema, "Bi mkubwa, huyo mpe kazi kabisa, mwaka huu hununui sabuni." Na Bi Chausiku akachukua mwiko, akakwangua chini ya sufuria, akamwekea mzee kipande cha ukoko, cha rangi ya shaba, kinachonukia nazi na moshi. Ukoko hauuzwi. Ukoko ni wa wenye nyumba.

Usiku huo mzee alilala na matumaini, jambo ambalo katika umri wake daktari angelishauri lifuatiliwe.

Siku ya tatu hakwenda. Ilikuwa ngumu kuliko Manzese na Kigamboni, kwa sababu sasa alikuwa na kitu cha kupoteza. Utaratibu haukumruhusu kula kwingine; angeonekana mtaani na mtihani ungeharibika. Alikaa gesti, juu ya kitanda, na ndizi mbivu nne na karanga za kwenye karatasi. Akasikia mwenye gesti akimwita mtu aje kula. Akasikia sahani. Akajiuliza iwapo huko kwa Bi Chausiku saa hizi mtu anasema, "Yule mzee wa jana mbona simwoni?" Akajaribu kuisikia sauti hiyo kwa ukamilifu wake, na kila mara ilikuja kwa sauti ya Atuganile, ambaye hakuwa na sababu yoyote ya kuuliza, maana miaka yote alijua yuko Urambo. Saa kumi na moja jioni alimaliza karanga, akalikunja lile karatasi mara nne, akalala na viatu.

Siku ya nne akaenda. Bi Chausiku alikuwapo, kanga amejifunga kichwani, macho mekundu, anapakua polepole. Benchi lilikuwa limejaa na kimya, kama darasa lililokutwa na kosa.

"Jana nimekufa humu ndani," Bi Chausiku alikuwa akisema. "Homa. Sijafungua banda. Nawasikia mnakuja, mnasema pamefungwa, mnavuka barabara kwa mwenzangu. Mmoja baada ya mmoja. Mlango wangu mnaujua uliko."

"Sie tulijua umesafiri," alisema Suleiman.

"Nimesafiri niende wapi, na viatu viko mlangoni?"

"Sasa bi mkubwa, njaa nayo inapiga hodi?"

Hakuna aliyecheka, hata Suleiman mwenyewe. Mzee Komba alikuwa bado amesimama. Ndipo akaelewa kilichotokea: siku aliyojificha ili aulizwe, muulizaji naye alikuwa amelala nyuma ya mabati, anasubiri aulizwe. Mtihani ulikuwa umefutika. Hakuna mtu aliyekuwa ameona kwamba hakuja, kwa sababu hapakuwa na mahali pa kuja.

Bi Chausiku akamgeukia. "Na wewe mgeni? Nisamehe, baba. Na wewe ulikuta pamefungwa."

Hapo angeweza kusema, sikuja. Ni neno fupi. Lakini angelazimika kueleza kwa nini, mbele ya mafundi wanane.

"Nilikuta," akasema.

"Ukavuka barabara."

"Hapana."

"Ukafanyaje?"

Na Mzee Komba, ambaye kwa miaka thelathini na mmoja aliwapeleka watu mahakamani kwa gramu hamsini, akasema, "Nikazunguka uchochoroni, nikapiga hodi."

Mwiko ukasimama juu ya sufuria. "Ngapi?"

"Tatu."

Bi Chausiku akaushusha mwiko.

"Nilisikia mbili," akasema. "Alasiri hivi. Sikuweza hata kuitika, ulimi mzito. Nikasema, huyo nani? Suleiman hapigi hodi, huyu huingia kama paka. Nikasema basi nimeota." Akapakua wali, akaurundika. "Kumbe wewe. Watu wa bara mnapiga hodi kama mnaogopa mbwa. Siku nyingine ongeza sauti."

Mzee akala akiwa ameinamisha kichwa. Mchuzi haukuwa na chumvi kabisa siku hiyo. Homa ilikuwa imemharibia mpishi ulimi. Aliwekewa ukoko, na kwa mara ya kwanza katika historia ya jina lake akabakiza.

Alijua vizuri alichokifanya. Alichukua hodi mbili za mtu mwingine, akaziuza kuwa tatu. Za nani? Pengine mtu wa taka. Pengine mtu aliyekosea nyumba, kwani uchochoro ule una milango tisa inayofanana. Pengine hapakuwa na mtu, ilikuwa homa tu. Hilo la mwisho ndilo lililomkosesha usingizi.

Akaamua kusema kweli. Kesho yake alfajiri, kabla benchi halijapata watu, akapita uchochoroni ili amkute peke yake. Mlango ulikuwa nusu wazi. Ndani Bi Chausiku alikuwa akiongea na simu iliyowekwa sauti ya nje, akipepeta mchele.

"Mwanangu usije, nimeshapona," alikuwa akisema. "Na wala sikuwa peke yangu. Alikuja mtu."

"Mtu gani?" ikauliza sauti ya kike kutoka mbali.

"Mgeni, mtu wa bara. Ana siku mbili tu hapa. Akapiga hodi."

"Siku mbili, na amekuja kukujulia hali?"

"Ndivyo ninavyokwambia."

Aliisema kwa namna mtu anavyotaja kitu anachokimiliki. Mzee Komba akasimama nje ya mlango, kinywa kimejaa ile kweli aliyokuja nayo. Kweli ilikuwa nzito, kilo kamili, haikupungua hata chembe. Akaondoka nayo. Akakanyaga polepole kokoto zisilie.

Saa nne akampigia Nassibu. "Kile chumba cha mashine ya kusaga kipo?"

"Mzee, si ulisema hata maiti haiwezi kulala pale?"

"Nakichukua."

Kisha, akiwa ameshaingiza begi chumbani, akampigia Jesca, siku tano kabla ya mwezi kwisha.

"Umepata? Chakula chake kizuri?"

"Papa anazidi chumvi."

"Sasa Baba, umezunguka jiji zima unakaa penye papa wa chumvi?"

"Nina shughuli huku."

"Shughuli gani?"

Mashine ikawashwa upande wa pili wa ukuta, na swali likasagwa pamoja na mahindi ya watu.

Yuko hapo hadi leo. Akikosa siku kwenda kula, na mara moja alikosa kweli, kwa kuumwa tumbo, hakuna anayeuliza. Benchi linadhani ana mambo yake, mtu aliyesoma. Kila asubuhi, kabla Bi Chausiku hajawasha mkaa, huzunguka uchochoroni akapiga hodi tatu, kwa sauti inayoamsha milango yote tisa. Ndani huitikiwa, "Karibu." Haingii. Hakuna kilichoiva saa hizo. Husimama kidogo mpaka asikie ndoo imeburutwa, kisha hurudi chumbani kwake kungoja saa ya kula.