Sindano ya Pili ya Editha

Editha wa Mkonze hakuamini vidonge. Kwake, mgonjwa wa kweli alichomwa sindano akatoka anachechemea, majirani wakajua ametibiwa. Kwa hiyo miaka ya tisini ilipoanza, watu binafsi wakaruhusiwa kufungua maduka ya dawa, yeye alimshukuru Mungu, kisha serikali.

Duka la jirani lilikuwa la Damas, aliyewahi kufagia wodi na kwa hiyo kujiona nusu daktari. Alimchoma penisilini kwa ajili ya koo. Koo likapona. Vilijitokeza vipele viwili vitatu kiunoni, Editha akawalaumu kunguni wa dada yake.

Miezi saba baadaye koo likarudi.

"Nipe ileile," akamwambia Damas.

Hajamaliza hata kujifunga kanga, viganja vikaanza kumwasha. Midomo ikavimba, kifua kikapiga filimbi, na mwanamke ambaye hajawahi kukosa la kusema siku hiyo akalikosa. Damas alimpepea kwa kalenda ya ukutani. Kwa bahati nzuri jirani mmoja, Yahaya, alikuwa anapita na pikapu yake. Akampakia katikati ya matenga ya zabibu na kumkimbiza hospitali. Huko muuguzi hakuuliza mengi, akamchoma adrenalini pajani, pumzi ikafunguka.

Kesho yake Daktari Wambura, mama mmoja mkavu wa maneno, alikaa kando ya kitanda.

"Penisilini uliwahi kuchomwa?"

"Mara moja. Haikunifanya kitu."

"Ilikufanya. Chembe zako za ulinzi zilidhani ni adui. Vita ilipokwisha nyingi zikafa, chache zikabaki zinaikumbuka sura yake. Safari hii zilikuwa zinamngoja."

"Mimi mwenyewe nilishaisahau, daktari."

"Zenyewe hazisahau. Ndiyo maana ukiugua surua mara moja, huugui tena. Ila zako zimemkariri asiye na kosa, na sasa zinakuua wewe kwa kukulinda."

Editha akafikiri. "Kama mume wangu marehemu," akasema. "Alimpiga mgeni wangu akidhani ni mwizi. Alikuwa kaka yangu."

Daktari alicheka bila kutaka, akamwandikia kadi: asipewe penisilini maisha yake yote.

Editha alirudi Mkonze na hasira iliyoandikwa na daktari. Kila asubuhi alikaa kwenye benchi la Damas, akawauliza wateja kabla hawajafika kaunta: uliwahi kuchomwa hii, ulipata vipele, uliwashwa wapi? Wanaume wazima walitaja makalio yao hadharani. Wawili waliposema ndiyo, aliwatimua kwenda hospitali.

"Mama, unanifukuzia wateja," Damas akalalamika.

"Nakupunguzia maiti, mwanangu."

Damas alinuna wiki nzima. Wiki iliyofuata alinunua daftari, akaanza kuuliza mwenyewe, kwa sauti ya chini zaidi, akiwaita watu nyuma ya pazia. Editha aliona amechukuliwa kazi yake, na alisema hivyo kwa yeyote aliyesimama kumsikiliza.