Sindano Aliyoinyanyua Clem Hargreaves

Ukimtaja Clem Hargreaves mjini Bacup, kila mtu atakwambia ni mtu muungwana. Alizaliwa hapo hapo bondeni, Lancashire, Uingereza, na tangu aache shule alibandika soli katika kiwanda cha slipa. Fimbo yake ya snuka, ule mchezo wa kuingiza mipira ya rangi kwenye mifuko ya meza, aliachiwa na baba yake, na mezani hakumdhulumu mtu hata siku moja. Shati lake likigusa mpira, hata kama refa kageuka kuwasha sigara, Clem alisema mwenyewe, "Faulo, yangu," akarudi kukaa. Ndivyo snuka inavyochezwa, na asiyekiri hapati mtu wa kunywa naye bia. Watu walimheshimu kwa hilo, naye, tuseme kweli, alijipenda kidogo kwa hilo.

Ila kuna Jumamosi moja ya mwaka 1978 ambayo hadi uzeeni ikimjia wakati ananyoa ndevu, humbidi aweke wembe chini.

Mwenzake katika michezo ya wawili wawili alikuwa Alwyn Kershaw, kapera mpole aliyekata ngozi kiwandani hapo hapo na kuishi na mama yake. Walikuwa na mapenzi yao ya siri, nayo yalikuwa muziki wa roki. Si ile roki ya kurukaruka. Ni ile ndefu, ya vinanda na magitaa yanayopanda polepole kama mtu anayepanda ngazi na gunia, wimbo mmoja ukala upande mzima wa santuri. Wenyewe waliuita roki ya maendeleo, ingawa mwaka ule vijana wote walishauona wa kizee, na wazee hawakuwahi kuuelewa.

Wao waliuelewa. Mchezaji wa snuka anajua kukaa kitini kimya huku mwenzake akipiga mpira baada ya mpira, na anajua utamu wa kitu kinachojengwa taratibu bila haraka, mpaka sauti ile ya mwanzo inarudi mwishoni nawe unataka kulia. Clem alipokuwa mezani kwenye mpira mgumu, alivumisha puani wimbo mmoja ule ule, walioupenda kuliko nyingine zote, na Alwyn kitini alijua kafika wapi.

Kila Jumapili mchana Bi Kershaw alipokwenda kanisani, aliwaachia chai mezani. "Msiiache ipoe tena, nyie watoto," aliwaambia wanaume hawa wenye vipara vinavyoanza. Mlango ukifungwa tu, Alwyn aliweka santuri. Sharti lao lilikuwa moja: sindano ikishuka, hakuna kusema neno na hakuna kuigusa mpaka upande uishe. Chai ilipoa kila wiki. Waliinywa hivyo hivyo baridi, wakitabasamu kama wezi.

Mwaka huo klabu yao ya wafanyakazi ikaingia fainali ya ligi, ichezwe nyumbani, dhidi ya watu wa Todmorden, mji jirani. Alwyn akapata wazo.

"Clem, nimemwomba Harold aniache niweke ile yetu, watu wakiwa wanakula pai kabla ya mchezo," alisema, masikio yamemwiva. "Wakiisikia yote, wataielewa. Utasimama na mimi, si ndiyo?"

"Ndiyo, bwana. Hilo nalo la kuuliza?"

Basi Jumamosi jioni ukumbi ukajaa, pai na vitunguu vya siki mezani, moshi hadi darini. Harold Nuttall, katibu wa burudani, akampisha Alwyn kwenye mashine ya santuri. Kinanda kikaanza, peke yake, polepole. Alwyn akabaki amesimama kando ya mashine, mikono nyuma.

Walivumilia kidogo tu.

"Nani kafa?" mmoja akauliza.

"Wimbo wenyewe unaanza lini? Pai yangu imeshaisha!"

"Fundi wa kinanda atuambie akimaliza kukitengeneza!"

Kicheko kikapita meza hadi meza. Harold akashika kipaza sauti, anacheka naye. "Jamani, mimi simo! Alwyn, hii mmechagua nani na nani?"

Alwyn akageuka. Alimtazama Clem tu, kule alikokaa na watu wa kiwandani, na uso wake ulikuwa wazi kabisa, kama mtu anayekupa mkono umvushe barabara.

Clem akaona watu wote wanafuata macho yale kumjia yeye. Akasimama, nao wakanyamaza wasikie.

"Msinitazame mimi! Ni ya huyo," akasema kwa sauti. "Mwacheni maskini, hana mke wa kumkataza."

Ukumbi ukalipuka. Na kile kicheko kilikuwa kitamu, hiyo ndiyo aibu yenyewe. Kilimpandisha kama bia ya kwanza baada ya kazi. Akatembea hadi kwenye mashine, akainama kama mchekeshaji, akanyanyua sindano. Wakampigia makofi. Alwyn alikuwa karibu kiasi kwamba mikono yao iligusana. Akaichukua santuri, akaifuta kwa leso, akairudisha ndani ya jalada lake.

Kisha ikabidi wacheze pamoja.

Alwyn alicheza vizuri usiku ule kuliko siku zote. Mchezo ukafika mwisho ikiwa imebaki mipira miwili, wa waridi na mweusi, na zamu ikawa yake. Akiiingiza yote, kombe ni la Bacup. Akaegemea meza, akaupitishia mkono mpira mweusi ili aufikie ule mweupe unaopigwa kwa fimbo. Kitambaa cha mkono wa shati kikaugusa ule mweusi. Ulitikisika tu, kama mtu aliyeshtuka usingizini. Refa alikuwa upande wa pili, hakuona. Watu wa Todmorden hawakuona.

Clem aliona. Na yeye, Clem wa "faulo, yangu," akaomba moyoni: nyamaza, Alwyn, nyamaza tu.

Alwyn akainuka. Akawageukia watu wale wale waliomcheka.

"Faulo," alisema, sauti haitetemeki. "Yangu. Shati limegusa mweusi."

Pointi saba zikaenda kwa wageni, na kombe likaenda nazo. Mtu mmoja nyuma akatukana, kisha mzee wa Todmorden akaanza kupiga makofi, na wote wakafuata. Clem alipiga makofi pia. Mikono ilikuwa mizito. Alitamani sakafu ipasuke immeze na fimbo ya baba yake.

Jumapili mchana akaenda. Bi Kershaw alikuwa anatoka, akamwambia yaleyale ya chai. Alwyn alimkaribisha vizuri, akamvutia kiti.

"Alwyn, jana mimi..."

"Yameisha hayo, Clem. Kaa."

"Tuweke ile?"

"Weka wewe," Alwyn alisema, akimimina chai. "Ukichoka, nyanyua."

Hakusema kwa ubaya. Afadhali angemtukana. Clem akaishusha sindano, akakaa. Kinanda kikaanza.

"Wanasema kesho mvua tena," Alwyn akasema.

Clem akamtazama.

"Na mama anataka kupaka rangi jikoni. Mimi nasema nyeupe, yeye anataka ya maziwa. Wewe waonaje?"

Akaendelea hivyo, kwa upole, upande mzima, kama mtu anavyoongea na mgeni. Na ndivyo ilivyokuwa Jumapili zote zilizofuata, miaka mingi, kwani Clem hakuacha kwenda, na Alwyn hakuacha kumfungulia.

"Kunywa, Clem," alimwambia siku ile ya kwanza, akimsogezea kikombe. "Isije ikapoa."

Clem akainywa, ingali ya moto, huku wimbo ukiendelea.