Mgongo wa Mkono

Mvua kubwa ikishuka Majengo, fundi wa stima hupita vichochoroni akibisha milango kwa mgongo wa mkono. "Hodi, mama. Zima stima kabla maji hayajaingia." Sauti yake ni ya kubembeleza, kama anayemlaza mtoto. Jana Dama alirudi kutoka sokoni akakuta sebule imejaa maji, yametulia yaking'aa, viatu vya watoto vikielea polepole kama ndotoni. Akainua mguu aingie.

"Usikanyage!" Alikuwa fundi, nyuma yake. Dama hakuwahi kumsikia akipiga kelele. Fundi akazima swichi kubwa ya barazani, akagusa ukuta kwa mgongo wa mkono kupima kama bado una stima, akapumua. Dama akaushika mkono ule kumshukuru, ukageuka. Kiganja kiliungua zamani, laini kama sabuni, hakina mstari hata mmoja. Fundi akakifumba taratibu, akaenda kubisha mlango wa pili.