Aliyechoma Kilima cha Kipara

Nyasi za Kipara zilinuka kama mkeka ulioanikwa juani. Ndivyo ninavyoukumbuka mwezi wa Agosti nilipokuwa na miaka tisa, mimi na mama tukiishi Bigwa, pale mji wa Morogoro unapoishia na milima ya Uluguru inapoanza. Kipara kilikuwa kilima cha nyasi tupu, hakina mti hata mmoja mgongoni, na ndiyo maana watu wakakiita hivyo, lakini pande zote kilizungukwa na msitu. Kila Jumamosi nilikipanda na bibi yangu mzaa mama, Bibi Zena, ambaye nyumba yake ilikuwa hatua chache kutoka kwetu. Tulitoka baada ya kunywa uji, tukapita kwenye migomba na mihogo ya majirani, tukavuka kijito kwa kukanyaga mawe, kisha tukaingia msituni ambako hewa ilibadilika ghafla ikawa ya baridi yenye harufu ya majani yaliyooza. Kima walitukemea kutoka juu ya miti. Hondohondo wakipita, mabawa yao yalivuma hata tukasimama kuwasikiliza. Halafu njia ilitoka tena kwenye mwanga, na mbele yetu nyasi zilikuwa zinanifika mabegani.

Hatukwenda kule kupunga hewa. Bondeni, ng'ambo ya Kipara, kulikuwa na chemchemi iliyozungukwa na mikindu, na bibi alikata majani yake machanga, akayachana, akayaanika, akayatia rangi na kusukia mikeka. Mikeka yake ilitandikwa misikitini na kwenye vyumba vya maharusi, kuanzia Bigwa hadi Mkuyuni. Alikuwa mwembamba, mwepesi wa miguu kuliko mimi, na alikuwa na tabia moja ambayo wanawake wenzake hawakuipenda: alivuta kiko. Alikivuta mahali pamoja tu, kwenye jiwe bapa kileleni, akitazama treni ikiingia Kingolwira kwa mbali. Akimaliza alikung'uta majivu juu ya jiwe, akayamwagia maji ya kibuyu, akayabonyeza kwa kiganja mpaka ahakikishe yamepoa. Nililiona hilo kila Jumamosi, wala sikumbuki hata siku moja aliyolisahau.

Jumamosi ninayotaka kuisimulia, tulikuwa tunarudi na mizigo yetu ya ukindu kichwani. Kamba yangu ilifunguka, nikabaki nyuma kuifunga huku bibi akitangulia kuingia msituni. Nilipoinua uso nilimwona Kobelo, mwenyekiti wa kitongoji chetu, amechuchumaa kwenye mteremko. Mwaka ule alikuwa amenunua ng'ombe, na kila mtu alijua kwamba nyasi kavu zikiungua, machipukizi yake huota laini, na ng'ombe huyapenda. Aliwasha njiti ya kiberiti akaishika kwenye nyasi. Akasogea hatua kadhaa, akawasha nyingine. Aliponiona alitia kiberiti mfukoni, akaniambia kwa upole, "Nenda, mtoto. Bibi yako anakuita." Bibi hakuwa ameniita. Nilikimbia hata hivyo, nikampita bibi msituni bila kusimama, na kwa sababu hiyo sikumwambia kitu mpaka tulipofika nyumbani, wakati ambapo upepo wa mchana ulikwisha kufanya kazi yake.

Moto ulishuka upande wa pili mpaka bondeni. Ulikula mikindu yote, ukala miti iliyoitia kivuli chemchemi, ukaingia msituni na kuwaka hadi Jumapili jioni. Majivu yalidondoka Bigwa kwenye nguo zilizoanikwa. Wanaume walipanda na matawi mabichi kuupiga, Kobelo akiwa mbele yao, akiwaelekeza kwa sauti kubwa pa kusimama.

Jumatatu uliitishwa mkutano kwenye uwanja wa shule. Kobelo ndiye aliyeuongoza. Alieleza hasara kwa huzuni, akasema moto hauwashwi na jini, kisha akauliza ni nani anayejulikana kuvuta kiko kilimani. Hakulitaja jina. Hakuhitaji, maana shingo zote ziligeuka. Nilisimama nikasema, "Ni wewe. Nilikuona na kiberiti." Wachache walicheka. Kobelo hata hakukasirika. Alitabasamu, akawaambia watu, "Mnaona watoto wanavyofundishwa uongo." Nilimgeukia bibi nikitegemea atasema neno. Alikuwa anatazama mikono yake. "Hawa," aliniita kwa jina langu bila kuniangalia, "kaa chini."

Uamuzi ulitolewa palepale. Bibi asikanyage tena Kipara, na mpaka mvua zitakapoanza abebe maji ya kumwagilia miche itakayopandwa kando ya kijito. Watu walitikisa vichwa kukubali. Miongoni mwao walikuwa wanawake waliolazwa kwenye mikeka yake siku za harusi zao, na wazee walioiwekea mapaji ya nyuso kila alfajiri. Nimekuwa mtu mzima sasa, nimesikia mengi yakitetewa kwa kusemwa kwamba watu hawakujua. Wale walijua. Kobelo ana ng'ombe, bibi ana kiko, na wao walichagua kwa kupima nani atawasumbua zaidi.

Jioni ile nilimkuta bibi anatwanga kisamvu. Nilikuwa nalia kwa hasira, nikamwuliza kwa nini hakusema. Aliacha mchi ndani ya kinu akanijibu taratibu. "Mimi ni mjane, nalala peke yangu, na macho yangu ni mekundu kwa moshi wa jikoni. Leo wameniita mchoma nyasi. Nikibishana na Kobelo, kesho wataniita jina lingine, na hilo mtu haliondoi kwa kubeba ndoo." Nilikuwa na miaka tisa, lakini jina hilo nililijua. Mwanamke mmoja wa upande wa juu aliitwa mchawi mwaka uliotangulia, akahama na watoto wake bila kuaga mtu.

Basi akabeba ndoo, Septemba nzima na Oktoba nzima. Kipara kiliota majani ya kijani kama alivyotaka mwenye ng'ombe, na ng'ombe walilisha juu huku bibi akimwagilia miche chini. Mvua zilipokuja adhabu ya maji ilikwisha, ile ya kilima ikabaki. Mikindu ya karibu haikuwepo. Alijaribu kusuka kwa nyuzi za magunia, akaacha, kisha mikono yake ikakaa tu mapajani, nami sikuzoea kuiona vile. Alifariki nikiwa sekondari, na mkeka aliolazwa ulikuwa umesukwa na mtu mwingine.

Mwaka jana nilirudi na binti yangu ili aione njia ile. Siku hizi mwanzoni mwa njia kuna geti na kibao, na kijana mwenye buti anawatembeza wageni. Tulipanda pamoja na watu kutoka Dar es Salaam. Tulipofika kileleni kijana akasema kwamba msitu wa bondeni uliwahi kuteketea kwa sababu ya bibi mmoja mvuta kiko, na wageni wakacheka. Nilimsimamisha palepale. Nilimweleza yote mbele yao, sauti ikinipanda. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Samahani sana, mama. Sisi tumesimuliwa hivyo na Mzee Kobelo. Ndiye mzee wetu wa historia."

Nilimwomba anipeleke kwake. Tulimkuta barazani, amezeeka, wajukuu wamemzunguka, redio iko pembeni. Kijana alimwamkia, binti yangu akamwamkia. Mimi nilisema, "Mimi ni mjukuu wa Zena. Nani alichoma Kipara?" Alizima redio. "Ng'ombe walikuwa wanakonda, mwanangu," alisema. "Na bibi yako mbona hakukataa?" Nilimgeukia kijana, nikamwuliza kama amesikia. "Nimesikia, mama," alinijibu, macho yake chini.

Sikatai kwamba mengi ni afadhali sasa. Bondeni miti imeota tena, hakuna anayelisha ng'ombe kule juu, na mtoto wa leo akimwona mtu na kiberiti atampiga picha kwa simu. Lakini bibi mjane mwenye macho mekundu bado yupo katika kila kitongoji, na bado anapima maneno yake kabla ya kuyasema, na wenye ng'ombe bado ndio wanaosimulia historia. Tulipokuwa tunashuka, binti yangu aliniuliza, kwa aibu kidogo, kwa nini sikumpa yule mzee shikamoo. Nilimwambia kwamba shikamoo zake nilizimaliza nikiwa na miaka tisa, kila asubuhi tulipopishana naye kijitoni, bibi, ndoo kichwani, akinisukuma begani nimwamkie. Na kila asubuhi, bila kukosa, Kobelo aliitikia marahaba.