Muuguzi wa Pili na Wengine Wanne

Kwa miaka sita nilikula kwa midomo ya wanawake wengine. Kituo kidogo cha televisheni hapa Likasi kilikuwa kikileta filamu kutoka Nijeria na Ghana, nasi tukizitia sauti kwa Kiswahili chetu cha Katanga, ili watu wazifuate bila kukodolea macho maandishi ya chini. Tulikuwa watatu, katika chumba kilichofunikwa magodoro ukutani ili kelele za treni zisiingie. Mwanamume mmoja mwenye kifua kipana alisema maneno ya mashujaa na matajiri wote. Msichana mmoja, mwimbaji wa kwaya parokiani kwetu, alikuwa sauti ya wachumba. Mimi nilipewa waliobaki: watumishi wa nyumbani, wauguzi, mashangazi, majirani, wauza nyanya, wachawi, na mahakimu wakiwa wanawake.

Mwanzoni niliona aibu. Mama yangu, ambaye huuza samaki wa ziwa Tshangalele sokoni, aliwaambia wenzake, "Mutoto wangu anasemaka mu televizyo," nao wakimuuliza ni yupi, alianza kupanga samaki wake upya. Mimi nilikuwa yule anayesema "Ndiyo, madame," kisha mlango unafungwa.

Lakini kazi ile ina jambo ambalo mtazamaji halijui. Kabla ya kutia neno mdomoni mwa mtu, unarudisha kipande kile mara ishirini, mara thelathini, mpaka ujue anavuta pumzi wapi na anaimaliza wapi. Shujaa analia mbele, kamera imemganda usoni, na wewe macho yako yako nyuma, kwa mtu wako mwenye maneno manne. Ukimwangalia mtu mara thelathini, huwezi tena kusema kwamba hafanyi kitu.

Hivyo nikaanza kuandika. Nilichukua daftari la shule lenye miraba, nikaandika kila aliyenishika: amefanya nini, katika tukio gani, na kwa nini nadhani ameshinda yule aliyelipiwa mabango. Nikampa kila mmoja nafasi, nikazifuta, nikazipanga upya. Wenzangu walicheka. Yule wa mashujaa alikuwa akilichukua daftari wakati wa mapumziko, anasoma kwa sauti yake nzito, kisha ananitazama. Siku moja alisema, "Weye unaangalia filme kama vile douanier wa mupakani anaangalia sanduku."

Nilimjibu kwamba ndani ya sanduku mna vitu.

Mwisho wa mwaka mkurugenzi wa vipindi akatangaza kwamba tutafanya kipindi cha moja kwa moja, Jumapili alasiri, cha kuwataja waigizaji watano bora wa filamu zetu zote. Mwenye kiwanda cha sabuni ndiye atakayelipia. Kwa kuwa nasoma vizuri Kifaransa na Kiswahili, mimi na yule wa mashujaa tulipewa kazi ya kutangaza. Nikaenda ofisini kwa mkurugenzi na daftari langu, nimwonyeshe watano wangu.

Alilifungua katikati, akasoma nusu ukurasa, akalifunga.

"Mama, hii émission ni ya bavedette, bastar bakubwa," alisema. "Bale benye uko unaandika ni bantu ya kupita tu. Banafungula mulango, banaleta chai. Nani anabayua?"

"Miye nabayua."

"Weye ni muntu moya."

"Acha niulize bengine, basi."

"Uliza," alisema, na alikuwa amekwisha kushika simu.

Kesho yake, Jumamosi, nikaenda kusimama kwenye meza ya mama yangu sokoni. Kila aliyekuja kununua samaki nilimuuliza: unaikumbuka ile filamu ya mama aliyefiwa na mtoto hospitalini? Wote waliikumbuka. Nani alimletea habari? Mwanamke mmoja aliyekuwa akisifu wigi la mwigizaji mkuu hakujua. Lakini muuza makaa wa meza ya tatu aliinuka palepale, mikono yake ikiwa myeusi hadi viwikoni.

"Yule infirmière wa kalamu!" alisema. Akaonyesha: akashika kalamu isiyokuwapo, akaipeleka kwenye mfuko wa kifuani, akaukosa. Akaipeleka tena, akaukosa tena. Halafu akaishusha mkononi, akanyoosha mgongo, akaanza kutembea kuelekea kwa mama wa mtoto. Wanawake waliokuwa wakicheka wakampisha njia.

Muuguzi yule ndiye niliyekuwa nimemweka wa kwanza. Maneno yake katika filamu nzima ni matano. Nilijaribu kumtafuta, nikasimamisha majina yanayopita mwishoni, nikayasoma moja moja. Wengine wote walikuwa na majina. Yeye waliandika tu: Muuguzi wa Pili.

Akaja mwanamke mwingine, mnene, mpole, amebeba viazi vitamu kutoka Buluo. Nilipomuuliza ni nani anamkumbuka katika filamu zetu, hakufikiri hata kidogo.

"Yule juge," alisema.

Nilimfahamu mara moja, maana nilikuwa nimemtia sauti mwenyewe. Hakimu yule ana tukio moja. Anafuta miwani kwa joho lake, anaanza kusoma hukumu, na jina la mshtakiwa linamkwama, analisema vibaya. Anasita. Anarudi nyuma, analisema tena, safari hii vizuri, polepole, kisha ndipo anamhukumu miaka kumi. Hakuna aliyemwandikia kosa lile, mimi naamini hivyo. Lilimtoka, naye akaligeuza heshima.

"Kwa nini yule?" nilimuuliza.

"Mutoto wangu eko mu gereza, kule Buluo," alisema. "Siku ile banamukata miaka, jina yake haikusemwa muzuri hata mara moya. Nilipoona yule mama mu televizyo anarudilia jina, nilizima. Nilienda kukaa inje."

Alinunua samaki wawili akaenda zake. Mama yangu alinisogezea kiti chake. Nilirudi nyumbani nikiwa nimekwisha kuamua.

Jumapili ilipofika nilivaa kitenge changu cha kijani, nikakaa mbele ya kamera, mwenzangu kuliani kwangu. Karatasi ya mkurugenzi yenye majina ya mastaa watano ilikuwa mezani. Taa nyekundu ikawaka. Nikawasalimu watu wa Likasi, wa Shituru, na wote wanaotuangalia, nikaigeuza ile karatasi kifudifudi, nikafungua daftari.

Nikasema: wa tano ni mlinzi wa geti katika filamu ya tajiri aliyerudi kijijini. Tajiri anapiga kelele mbele, naye mlinzi yuko nyuma anatafuna kitu. Tajiri anataja jina la kijiji anachotaka kukibomoa, na taya la mlinzi linasimama. Hilo tu. Hatafuni tena mpaka mwisho. Tunajua kwao ni wapi kabla hajamwambia mtu yeyote.

Nikasema: wa nne ni dereva wa lori aliyebeba jeneza. Anasimama njiani kula maharagwe, na kila upepo ukimgeuza, anajipindua na sahani yake asiligeuzie jeneza mgongo.

Nilihisi mwenzangu ananitazama. Hiyo haikuwa kazi tuliyokubaliana, na yeye ana watoto wanne wa kulisha. Kioo cha chumba cha mafundi kilikuwa mbele yetu, na nyuma ya kioo mkurugenzi alikuwa amesimama, mikono kichwani. Mwenzangu angeweza kunyamaza, na mimi nisingemlaumu. Badala yake akasogea kwenye kipaza sauti, akasema kwa ile sauti yake ya mashujaa, "Na wa tatu, dada?"

Wa tatu, nikasema, ni bibi mke mkubwa. Siku ya harusi ya mke mdogo anacheka, lakini anaanza kucheka nusu dakika kabla ya kichekesho kusemwa, kwa sababu amekisikia katika harusi yake mwenyewe.

Wa pili, nikasema, ni hakimu. Nikaeleza miwani, nikaeleza jina. Nilikuwa sijamaliza sentensi wakati skrini ya pembeni iliponionyesha tangazo: povu la sabuni na watoto wakicheza ndani yake.

Mkurugenzi aliingia bila kufunga mlango.

"Unanifanyia nini?" alisema. "Mwenye sabuni ananipigia simu! Anauliza bale bantu ni banani!"

"Mwambie aangalie filme."

"Toka. Chukua sac yako, toka."

"Nimebakiza mmoja," nilisema.

"Toka!"

Nikatoka. Sikulia; nilitembea na daftari kwapani mpaka nilipopita reli. Mwenzangu alimalizia kipindi kwa kusoma majina ya mastaa kwenye ile karatasi, na alisoma vizuri. Aliponipigia simu jioni kuniomba msamaha kwa hilo, nilimwambia watoto wanne ni watoto wanne.

Wiki ile yote watu walinisimamisha. Mwalimu, mshona viatu, masista wawili. Wote waliuliza swali moja: na wa kwanza? Niliwaambia palepale barabarani. Wengine walikubali kwa kichwa. Mshona viatu alikataa kabisa, akasema dereva wa lori ndiye wa kwanza na mimi sijui kupanga. Tulibishana mpaka gundi yake ikakauka. Sijawahi kufurahi hivyo.

Kituoni, kwa kuwa sikuwapo, sauti zote za wanawake alipewa msichana wa kwaya. Maskini, alijitahidi. Lakini ikawa madame anamgombeza mtumishi kwa sauti ileile ambayo mtumishi anajibu, na sokoni wanawake walianza kusema, "Yule anajitukana yeye mwenyewe." Baada ya wiki tatu mkurugenzi alikuja kwenye meza ya mama yangu, saa nne asubuhi, amevaa tai katikati ya samaki.

"Mama," alimsalimu mama yangu kwa heshima, kisha akanigeukia. "Tusahau. Rudi Jumatatu."

"Narudi," nilisema. "Jumapili moya unanipa kipindi, nasoma liste yote. Batu batano, mupaka wa kwanza."

"Mwenye sabuni hatakubali."

"Basi madame aendelee kujigombeza."

Mama yangu aliinamia samaki wake ili asionekane anacheka. Sidhani kama mkurugenzi ni mtu mbaya. Alikuwa na mtu juu yake, na mtu yule alikuwa na sabuni. Alinunua samaki mmoja kwa adabu, akaondoka, na mimi sikurudi.

Nisidanganye kwamba ilikuwa rahisi. Miezi mitano niliuza samaki pamoja na mama, na ugali wetu, bukari, ulikuwa na sombe ya majani ya muhogo zaidi kuliko nyama au samaki. Ndugu yangu mkubwa, karani, alikuja kuniambia kwamba familia yetu ilitoka Kasai kuja kutafuta kazi, si kuzitupa. Nilimwambia sikuitupa kazi, niliifanya. Hakuelewa, au alielewa akakasirika zaidi.

Halafu padre wa redio ndogo ya jumuiya akanipa dakika ishirini kila Jumamosi asubuhi, bila malipo mwanzoni. Hakuna picha redioni, na watu waliniuliza nitawezaje kupanga waigizaji ambao hawaonekani. Mimi nimezoea watu wasioonekana. Nasimulia tukio, nasema mkono ulikwenda wapi na pumzi ilikatika wapi, na wanaosikiliza wanakwenda kuitafuta filamu. Yule mwenzangu wa mashujaa huja akiwa hana kazi, anakaa kunipinga. Kituo kimeajiri mwanamke mwingine kwa sauti zangu za zamani. Nimemsikiliza kwa makini. Kwa wauguzi ni hodari kuliko mimi. Kwa vikongwe anaharakisha. Nimemwambia hivyo hewani, na alinitumia ujumbe wa kunishukuru kwa la kwanza na kunitukana kwa la pili.

Jumamosi iliyopita mzee mmoja alipiga simu tukiwa hewani. Alijitambulisha kuwa fundi mstaafu wa kiwanda cha Shituru, na alikuwa na hasira ya kweli.

"Mama, unapoteza wakati wa redio," alisema. "Muntu anaonekana dakika moya, unamupa nafasi ya tatu. Iko namna gani? Star anafanya filme mzima!"

"Papa," nilimjibu, "nitajie kitu kimoya star yule alifanya kwa mukono wake."

Nilimsikia akipumua, akifikiri kwa haki.

"Alimupiga muntu kofi," alisema mwishowe.

"Na mwenye kupigwa alifanya nini?"

Akakata simu. Mwenzangu akafunika mdomo asicheke hewani. Mimi nikafungua ukurasa uliofuata, nikasema jina la filamu, na nikaendelea na wa pili.