Mafuta ya Nazi Ndani ya Rili

Asubuhi ya leo mkaza mwanangu alitoka chumbani akitikisa chupa ya mafuta ya nazi, na halikutoka hata tone. Mafuta yalikuwa yameganda, meupe, kama yanavyofanya kila kipupwe. Akaiweka chupa juani kibarazani. Baada ya kitambo yakaanza kuyeyuka pembeni, ile harufu ikanifikia nilipokaa, nikacheka peke yangu. Akaniuliza, "Mama, wacheka nini?" Nikamwambia nacheka rili. Hakunielewa, na ninyi pia hamjanielewa. Basi nipeni sikio, maana kisa hiki nakipenda, na kwa umri huu sioni haya kujisifu kidogo.

Nilizaliwa Shimoni, na baba yangu alikuwa fundi wa mianzi ya kuvulia. Msifikirie kile kijiti cha mtoto aliyekaa mwambani akitafuta changu wa kitoweo. Mianzi ya Baba ilitengenezwa kumkabili samaki mwenye nguvu zake. Aliikata mwenyewe mwezi ukiwa kiza, kwa sababu mwanzi uliokatwa mwezi mpevu huingiwa na dumuzi, na hilo kwetu hata mtoto alilijua. Kabla ya kuukata huugonga kwa ukucha akasikiliza. Ulioitika kwa sauti moja toka shinani hadi nchani ndio uliokuja nyumbani, mwingine akauacha palepale.

Mwanzi huo ulilala miezi juu ya meko ukila moshi, huku mama akinung'unika kwamba jiko lake limegeuzwa ghala. Ukikauka, Baba huupitisha juu ya moto wa makumbi ya nazi akiunyoosha pingili baada ya pingili. Pete za kupitishia mshipi alizikunja kwa waya wa shaba, akazifunga kwa uzi wa pamba, kisha vanishi mara tatu. Na ukirudi kutoka baharini, lazima uoshwe kwa maji baridi. Kwetu maji ya chumvi tunayo tele, ya kunywa ndiyo kazi kuyapata, kwa hiyo mama alikuwa na manung'uniko mengine hapo.

Kazi yangu ilikuwa kuhesabu. "Nihesabie mizunguko, mwanangu," alikuwa akisema, uzi ukiizunguka pete nami nikihesabu hadi thelathini. Nilipitisha pia sufi ndani ya kila pete. Ikinasa, pana mkwaruzo, na mkwaruzo huo ndio utakaokata mshipi siku ya siku. Baba alikuwa na desturi ya kuiinua pete mbali na uso wake, mkono umenyooka kabisa, akaitazama amekunja uso, kisha akanipa. "Hebu itazame na wewe." Nilijiona mtu mkubwa. Dada zangu wanatwanga, mimi natazama pete.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu bendera yetu kupandishwa. Pale gatini alikuwepo mzungu mwenye mashua ya mashine, akiwapeleka wageni kuvua samaki wakubwa. Tulimwita Bwana Kofia, kwa kuwa hakuna aliyewahi kukiona kichwa chake kitupu. Alikuwa na mianzi minane ya kizungu na rili zake. Rili, kwa asiyeijua, ni kigurudumu kinachofungwa kwenye mwanzi kukunjia mshipi. Ndani mna meno, springi, na skurubu ndogo kama ufuta. Mzungu mwenzake aliyekuwa akimtunzia vyombo hivyo alikuwa amefunga mizigo akarudi kwao, basi Baba akaenda kuiomba ile kazi.

"Mwanzi najua unaweza, Mzee," Bwana Kofia alimjibu. "Lakini rili ni mashine. Rili nitapeleka Mombasa."

Hilo lilimchoma Baba. Akamwambia, "Nipe rili moja mbovu, uliyokwisha kuitupa. Nitaifufua, nitaifunga kwenye mwanzi wangu, nawe uende nayo baharini siku moja. Ikikuangusha, vyombo vyako peleka Mombasa, nami sitakuja tena kukuomba. Isipokuangusha, vyote vinane nitunze mimi." Mzungu akakubali. Kufikia magharibi Shimoni nzima ilikuwa na habari. Mwatujua watu wa pwani, nusu yao walimwombea dua na nusu walingojea kucheka.

Rili tuliyopewa ilikuwa imeliwa na kutu hata haikugeuka. Baba akatandika mkeka uani, akaniita. "Vidole vyako vyembamba," akasema. "Wewe fungua, mimi nikwambie." Sharti lake lilikuwa moja: kila kipande kinachotoka kilazwe mkekani kwa safu, cha kwanza kushoto kabisa, na wakati wa kurudisha tuanzie kulia. Ole wake kuku aliyekanyaga mkeka ule. Nikasugua kutu kwa jivu na ndimu, nikaosha kila jino kwa mafuta ya taa. Siku tatu nilifungua na kufunga, nikafungua na kufunga, hata mikono ikajua njia. Baba alikaa kando yangu akivipapasa vipande kwa ncha ya kidole gumba, kimoja kimoja, akisema hiki bado, hiki tayari.

Siku ya mwisho, akienda kuswali alasiri, aliniachia kichupa cha mafuta ya cherehani aliyopewa na mshona nguo jirani yetu. "Tone mojamoja, usizidishe," akasema, akaenda zake.

Nikakinusa. Kilinuka masizi. Nikatazama dirishani, ikawepo chupa ya mama ya mafuta ya nazi aliyoyapika mwenyewe, safi, yananukia. Kwetu mafuta ya nazi yalikuwa ya kila kitu: ya nywele, ya mtoto mchanga, ya goti la bibi, ya bawaba ya mlango. Nami nikasema, rili hii imebeba heshima ya nyumba nzima, vipi niipake uchafu wa cherehani? Nikaipaka ya nazi, tena kwa ukarimu. Baba aliporudi akaizungusha karibu na sikio lake, ikaenda kama pia, akatabasamu. Mimi najipongeza moyoni.

Asubuhi kulikuwa na baridi ile ya kipupwe, watu wamejifunika mashuka. Baba alikwisha kutangulia gatini. Nilikuwa nakunywa chai nilipomwona mama akiitikisa chupa yake ya mafuta juu ya kiganja, na hakitoki kitu. Nikaitazama ile chupa nyeupe. Wallahi, nikaikumbuka rili. Nikakitupa kikombe, nikakimbia bila viatu.

Nilichelewa. Bwana Kofia alikuwa ameushika mwanzi, anaulazimisha mkono wa rili, nao haugeuki. "Imekufa," akasema, wala hakusema kwa ubaya. Lakini vijana wa mashua waliangua kicheko, na mmoja akasema fundi ameifufua ikafa tena. Baba amesimama katikati yao na kanzu yake ya Ijumaa, aliyoivaa siku isiyo ya Ijumaa. Sijapata kuona aibu kama ile, na aibu yenyewe nimeileta mimi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, husema wazee, lakini siku ile guu nililolivunja lilikuwa la mkuu mwenyewe.

"Baba, ni mimi," nikasema. "Nimeipaka mafuta ya nazi. Yameganda."

 Akatia mkono mfukoni akatoa kile kichupa cha mafuta ya cherehani, kimejaa vilevile nilivyokiacha, akanipa pamoja na bisibisi.

"Nusu saa tu, Bwana," akamwambia mzungu.

Nikavua leso yangu ya mabegani, nikaitandika pale gatini, nikapiga magoti. Nahodha akanimiminia mafuta ya taa kwenye kikombe. Skurubu ya kwanza kushoto kabisa. Ya pili. Kifuniko. Springi, ile inayopenda kuruka, nikaibana kwa kidole kama nilivyofunzwa. Kila jino lilikuwa limejaa uji mweupe. Kijana mmoja wa mashua akainama kunyoosha mkono wake amalize haraka, nikamsikia Baba nyuma yangu.

"Mwacheni fundi afanye kazi."

Wakacheka tena, maana fundi mwenyewe alikuwa na miaka tisa na pua inachuruzika. Nami nikadhani Baba anafanya mzaha ili nisilie. Nilipogeuka nikamwona ameweka mikono nyuma, ameifumbata, nikajua amenikasirikia. Nikaendelea. Nikaosha, nikafuta, nikatia tone mojamoja, nikarudisha nikianzia kulia. Vicheko vilikwisha nilipofika katikati ya leso, nikakaza na skurubu ya mwisho. Bwana Kofia akauzungusha mkono wa rili kwa kidole kimoja, ikatoa mlio mwembamba ikaenda yenyewe. Akaondoka nayo baharini.

Walirudi alasiri. Kwenye ubao wa mashua alilala nguru mrefu kunishinda mimi, na mwanzi wa Baba haukuwa na ufa hata mmoja. Bwana Kofia alimpa Baba mkono mbele ya watu wote, akasema kesho aje achukue mianzi yote minane na rili zake. Baba akamwambia, "Twaja wawili." Njia nzima ya kurudi nyumbani nilitembea mbele yake kama bwana harusi. Miaka saba tulizitunza rili zile pamoja, na hakuna iliyopata kupelekwa Mombasa.

Usione vyaelea, vimeundwa. Msemo huo Baba aliupenda, nami nikiusikia nilifikiria mwanzi, pete na vanishi.

Nilipofika umri wa miaka arubaini na kitu, nilikaa siku moja kushona kifungo, na uzi ukakataa kuingia tunduni. Nikaisogeza sindano mbali. Nikaisogeza tena, mpaka mkono ukanyooka kabisa, uso nimeukunja. Nikabaki hivyo hivyo, sindano hewani, kwa sababu mkono ule niliujua. Ulikuwa wa Baba, ameinua pete.

Hakuwa akiziona. Pete, mizunguko ya uzi, skurubu zile za ufuta, hakuwa akiziona, na Shimoni nzima haikujua. Alipoweka ahadi na Bwana Kofia, aliiweka juu ya macho yangu. Na pale gatini mikono aliiweka nyuma kwa kuwa haikuwa na la kufanya. Mimi nilikwisha kuharibu, na hapakuwa na mwingine wa kutengeneza. Angeweza kunifokea mkono ukanitetemeka. Badala yake aliniita kwa jina la kazi yangu, mbele ya watu, na sikufahamu kwamba alikuwa akisema kweli.