Kamioneti Iliyopimwa na Watu Wake Ndani

Sifa ni zako, Mungu wa rehema, unayeamsha milima na ziwa kila asubuhi bila kuchoka. Umenijalia uzee wenye macho ya kuona barabara, mke wa kunionya, na majirani wa kucheka nao. Naandika haya nikikushukuru.

Kamioneti yangu, gari ndogo iliyo wazi nyuma, imemzidi umri kitindamimba wetu. Nilipokuwa bado katekista niliipandisha mara nyingi Bijombo, kwa wakristo wa kule juu, na kwa ajili ya mawe na matope tuliiinua. Nyuma tuliongeza resori, zile springi za kubeba uzito, zilizotolewa kwenye lori bovu. Mbele tulikaza vile vyuma virefu vinavyobeba magurudumu. Ikawa ndefu kabisa. Mama wa kikundi chetu cha sala walihitaji kigoda ili wapande nyuma, na walinitania kwamba nimeoa twiga.

Ilitutumikia vizuri, lakini kidogo kidogo ikaanza kuvuta kulia. Tairi za mbele zililiwa upande wa ndani, na wa nje ukabaki kama mpya. Nikazoea. Mikono yangu ilishika usukani kama mtu anayezuia ng'ombe asiingie shamba la jirani. Siku moja tulikuwa tunatoka Kavimvira, mama wamejaa nyuma, mke wangu kando yangu. Shimo likatutupa, na gari ikamwendea mwanamume aliyesukuma baiskeli yenye mihogo. Akarukia majanini. Mungu ashukuriwe, ilimwagika mihogo tu, na mama walishuka wakamwokotea yote.

Mke wangu alishuka pia, na hakupanda tena.

"Baba wa watoto," aliniambia, "minye siingie tena mu hii kitu mpaka itembee sawa. Nitaenda na miguu."

"Na nyonga yako?"

"Nyonga ni yangu."

Nilijua uzito wa neno hilo. Dada yake mkubwa anakaa Sange kwa mwanawe. Macho yake yamekwisha na miguu haimbebi. Ndiye aliyemlea mke wangu mama yao alipofariki. Kila Jumapili baada ya misa hupiga simu na kuuliza swali lile lile: "Unakuja lini nikushike?" Mabasi madogo ya barabara ile yanawakunja watu, na nyonga ya mke wangu haikubali kukunjwa. Bila kamioneti, dada hao wawili wangebaki na simu tu.

Basi nikaenda kwa fundi. Garaji yake ni kiwanja wazi kando ya barabara, na yeye ni muumini wa parokia yetu. Kazi niliyomwomba watu wa magari wanaiita paralelizime, yaani kuyafanya magurudumu yatazame mbele kwa pamoja. Fundi hana mashine ya kazi hiyo. Ana vyuma vinne na uzi wa nailoni, ule wa wavuvi wa ndagala. Huvisimamisha vyuma kwenye pembe za gari, huvuta uzi ubavuni mwake, kisha hupima kutoka uzi hadi ukingo wa gurudumu, mbele na nyuma. Alipima, akalegeza, akakaza, akapima tena. Tulipoijaribu, ilikwenda moja kwa moja kama mtu anayekwenda kukomunika.

Nilirudi nyumbani nikimsifu. Mke wangu akasema, "Peleka kwanza hawa mama mpaka Kiliba. Ikirudi salama, nitaona."

Hatukufika hata nusu ya njia. Mama walipojaa nyuma, gari ikaanza tena kuvuta upande wa kulia. Nikageuza, nikarudi garaji nao wote.

Fundi aliizunguka kamioneti, mikono kiunoni. "Papa katekista, hii gari inanichekaka. Nilipima muzuri."

"Ulipima muzuri, tuliona," nikamjibu. "Rudia tu."

Akawaomba mama washuke ili apime. Walishuka mmoja mmoja kwa kile kigoda. Wa mwisho alikuwa mama muuza samaki, mwenye mwili wa baraka. Alipoweka mguu chini, resori zililia na kamioneti ikapumua kama mtu aliyetua mzigo. Nyuma ikanyanyuka, pua ikainama.

Fundi akaitazama ile pua. "Mama, panda tena."

"Eh! Weye unanipima minye ao gari?"

"Panda, mama yangu, nakuomba."

Akapanda huku wenzake wakipiga vigelegele. Fundi alichuchumaa mbele akitazama magurudumu. Uzito ukiingia nyuma, pua ilinyanyuka, na magurudumu yale mawili yakageuka kidogo, kila moja upande wake.

"Papa, siku gani hii gari inatembea bila watu?"

Nilitafuta siku hiyo nisiipate. Kwetu, mwenye gari akimpita mwanamke mzee mwenye kikapu kichwani, habari hiyo inafika nyumbani kabla yake. Kamioneti yangu haijawahi kutoka mjini na kiti kitupu.

"Basi itapimwa na watu wake ndani," fundi akasema. "Na umeiinua sana mbele. Nitaishusha vidole viwili."

Nikakubali. Bijombo tutapanda polepole.

Mama wote wakarudi kwenye mbao zao za kukalia, wakaamriwa wasitikisike. Jua lilikuwa kali. Walianza rozari, kwa kuwa hakuna njia nyingine ya kuwatuliza watu hao. Fundi, akiwa amelala chini ya gari, aliitikia nao. "Utuombee sisi wakosefu... papa, nipe ile ufunguo kubwa... sasa na saa ya kufa kwetu."

"Usitaje kufa uko chini yetu!" muuza samaki akapaza sauti, na kamioneti nzima ikatikisika kwa kicheko. Ikabidi uzi uvutwe upya.

Tulikwenda Kiliba na kurudi, gari imejaa. Nililegeza vidole kwenye usukani, na kamioneti ikafuata barabara yenyewe. Mke wangu alikuwa anatungoja mbele ya nyumba. Mimi hakuniuliza neno. Aliwauliza wenzake: "Imetembea?"

"Imetembea, mama. Hata rozari tulimaliza bila kushika chuma."

Kesho yake alipanda mbele, mama wakiwa nyuma na mchele wa zawadi. Alishika mpini wa mlango kwa mikono miwili, macho yakilinda kila baiskeli. Tulipoingia tambarare mkono mmoja ukalegea. Kabla ya Sange alikuwa amelala, kichwa begani kwangu.

Dada yake alimtambua kwa hatua zake mlangoni. Akanyoosha mikono, akamshika uso, masikio, mabega, akashuka mpaka viganja.

"Umekonda. Huyu mume hakulishi?"

"Ananilisha, yaya," akajibu, maana ndivyo tunavyomwita dada mkubwa. "Mimi ndiye nilichelewa."

Jioni nilisogea mlangoni kumwambia mke wangu tuondoke. Nilimkuta amejilaza kitandani kando ya dada yake, mkono wa mzee ukiwa umeshika wake.

"Weye rudi na wale mama," akasema. "Minye nalala hapa."

Nami nawaombea ninyi mnaosoma: Mungu awahifadhie anayewangoja, awafikishe kwake salama, na awape muda wa kulala chini ya paa lake. Amina.